Kadi ya Nne

Mezani kwangu kulikuwa na karatasi ya mita mbili,
miezi saba imelazwa kwa rangi, mstari chini ya mstari:
Desemba tunauliza, Januari tunachora,
Februari hadi Mei tunaandika programu,
Juni tunapima.
Julai kahawa inaiva, chama cha msingi kinawasha mashine.
Mkurugenzi aliipenda. Aliipiga picha.

Njia hii wenyewe wanaiita maporomoko.
Kileo, mzaliwa wa Uru, hakumaliza kucheka:
"Mmewahi kuona maji ya Materuni yakipanda kurudi
kwa sababu yamesahau kitu juu?"

Shaibu, aliyetoka Dar na kompyuta iliyojaa stika,
alitaka mbio za wiki mbili mbili,
na kila asubuhi tusimame duara:
jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nini kimenikwamisha.
Tulisimama. Tulisimama Februari nzima.
"Kilichonikwamisha ni kusimama," alisema Hosiana,
tukacheka wote isipokuwa yeye.

Maana Hosiana ndiye mpimaji.
Kazi zote za ofisi humwangukia yeye mwishoni,
kama masufuria ya karamu.
Machi tukabandika ubao, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
ukuta wenye dirisha ambamo mlima hujitokeza alfajiri
kisha hufunga pazia:
Bado. Inafanywa. Inapimwa. Imekwisha.
Kadi zikahama, zikahama,
zikafika Inapimwa zikarundikana
kumi na tisa, nyingine zimening'inia kwa pini moja.

Aprili, mvua ikigonga paa,
akaja Bi Ndeonansia, karani wa mizani,
mabuti yana tope jekundu, daftari limefungwa kwenye nailoni.
Akatazama skrini yetu. Akafunua kurasa zake.
"Zilizorudishwa mnaziandika wapi?"
Zipi?
"Kilo zinapimwa, halafu mbichi zinakutwa zimechanganywa na mbivu,
mkulima anarudi nazo nyumbani. Hizo."
Miezi mitano, mita mbili za karatasi.
Yeye anapima, Hosiana anapima,
na hakuna aliyewaza kuwakutanisha.

Usiku ule niliwaza mfereji.
Kwa bibi yangu, Kibosho, maji yalikuwa na zamu:
nduwa, kile kibwawa cha juu, hujaa usiku,
kukipambazuka hufunguliwa,
leo migomba ya huyu, kesho ya yule.
Ukiwafungulia wote kwa pamoja
kila shamba linalowa juu juu, hakuna mzizi unaokunywa.
Ila zamu nayo ilipangwa.
Kuna mtu aliyejua tangu zamani Jumanne ni ya nani.

Kwa hiyo sikuchagua, nakiri. Nilichukua mkasi.
Julai nikaiacha ukutani,
matunda hayapokei barua ya kuomba muda.
Iliyobaki tukaikata vipande, mgongo wake ukawa kadi;
ukigeuza kazi yoyote unakuta kijipande cha Februari.
Shaibu akabakiwa na duara lake, Jumatatu tu, tukiwa tumekaa.
Na juu ya Inapimwa
Hosiana akaandika kwa wino usiofutika: TATU.

Siku ya nne mkurugenzi akanipigia simu. Jambo la haraka.
Nikaandika kadi, nikaenda ubaoni.
Tatu zilikuwapo. Hosiana alikuwa anapima ya kwanza,
Zilizorudishwa, wala hakuinua kichwa.
"Pamejaa," akasema.
Mimi ndiye ninayesaini mshahara wake.
Nikasimama pale, haraka yangu mkononi,
kisha nikaitia mfuko wa shati.

Jumamosi, Pasua, nikifua,
niliikuta imelainika kama ugali wa mtoto,
wino umetoka wote,
kijipande cha Februari bado kinasomeka.
Sikukumbuka lilikuwa jambo gani.
Mkurugenzi naye, mpaka leo, hajauliza.